Shamba Lililofagiwa Mno

Paukwa, jamaa zangu.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, huko milima ya Upare, aliishi mjane aitwaye Nakiete. Mumewe, Senkoro, alimwachia shamba la migomba. Wakati wa matanga majirani walifagia ua mpaka ukang'aa, kwa heshima ya marehemu. Nakiete akaona shamba nalo lastahili heshima ile ile. Akafagia majani makavu, akayachoma, akaridhika.

Mwaka wa kwanza mikungu ikawa midogo. Akafagia, akachoma, akaridhika. Mwaka wa pili ndizi zikawa kama vidole vya mtoto. Akafagia, akachoma, asiridhike. Mwaka wa tatu akaja Mrutu, ndugu wa marehemu.

"Shemeji, shamba lako safi kama sahani ya mwenye njaa. Nakupa misimu miwili ya mvua. Lisipozaa tutalitwaa, nawe urudi kwenu."

Nakiete akainama kufagia, huku akimwomba Mungu. Ufagio ukamgusa jongoo.

"Taratibu, mama," jongoo akasema. "Mwaka wa tatu huu unatulaza njaa."

"Kwani mnakula takataka?"

"Kwako takataka. Jani hili lilikunywa jua. Mimi nalila jani, na ninachobakiza mgomba unakinywa kwa mizizi, ukatoa jani jingine. Ukichoma, chakula chetu kinaondoka na moshi."

"Na jua nalo linarudi?"

"Jua ni mgeni, mama. Kila alaye huchota joto lake kidogo, hata likaisha. Kesho Mungu huleta jingine. Lakini udongo ni huu huu. Ndio unaozunguka."

"Kwa Mola wetu hakuna kinachotupwa," Nakiete akasema. Akauegemeza ufagio ukutani.

Majani yakaanguka, akayaacha. Maganda ya ndizi akayarudisha. Samadi ya mbuzi akaimwaga.

Mrutu akapita njiani. "Shemeji, umezeeka au umekuwa mvivu?"

"Yote mawili, shemeji. Mvua zako bado hazijaisha."

Zikanyesha mvua za misimu yote miwili. Mgomba mmoja ukazaa mkungu mzito hata ukategemezwa kwa mti. Mrutu, aliyekuja kutwaa shamba, akaubeba mkungu ule begani mpaka jikoni kwa shemeji yake, akihema.

Mgomba ukishazaa, siku zake zimekwisha. Nao ule ulipandwa na Senkoro kwa mkono wake. Nakiete akaukata, akaulaza chini ya chipukizi lake, akaufunika majani.

"Karibuni chakula," akawaambia majongoo. Kisha akaketi karibu nao, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu matanga, akamshukuru Mungu.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipolala.