Fisi Alipoharamisha Utamu

Tegeni masikio, na mate myameze mapema, maana kisa hiki kina chungu ndani yake.

Mwaka huo mvua ililisusa Bonde la Mikwaju. Mto ukabaki mchanga, nyasi zikawa rangi ya vumbi, na maji yote yaliyosalia yakawa ya chemchemi moja tu, chini ya jiwe alilolalia Simba. Ng'ambo ya kilima walikaa mbwa mwitu, wengi kama siafu na wenye adabu za siafu. Kila alfajiri Simba alinguruma, nao wakisikia walikumbuka kwamba kiu haiui mara moja. Bonde halikuwa na mlango mwingine zaidi ya ngurumo ile.

Kisha Simba akaugua kidole.

Kidole gumba cha mguu wa nyuma kilivimba kikawa kama boga, chekundu, kinawaka moto. Kwa kuwa alikuwa na kiburi, mwanzoni alisema ni dalili ya utukufu. "Miguu ya wafalme hukua," aliwaambia watu. Lakini nzi alipotua juu ya kidole hicho, mfalme alilia kama kitoto cha paka, na ngurumo ya alfajiri ikawa inatoka nusunusu.

Fisi alizipata habari hizo akiwa na njaa. Hilo si la ajabu, kwani Fisi hajawahi kupata habari yoyote akiwa ameshiba. Kiangazi kilikuwa kimemkomesha: mizoga ilikauka kabla hajaifikia, na tumbo lake lilikuwa limeshikana na uti wa mgongo kama ndugu walioachiwa shamba moja. Ndipo akakumbuka jambo alilowahi kulisikia mahali: uvimbe ule unaitwa jongo, na huwapenda sana wala nyama nono. Lilikuwa jambo la kweli, tena la maana. Tatizo la Fisi ni kwamba hata ukweli akiupata, huutafuna.

Akajivika mkufu wa mbegu, akaokota usinga, akaenda jiweni kwa Simba.

"Mfalme, unakula nini?"

"Nyama."

"Na mboga?"

"Nyama ya wala mboga."

Fisi akatikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. "Mafuta ndiyo yanayokumaliza. Acha nyama nono. Kula mchicha, kula majani ya kunde, kula maboga, unywe na maji."

"Majani? Kama mbuzi?"

"Mfalme amewahi kumwona mbuzi mwenye jongo?"

Simba akafikiri. "Mbuzi niliokutana nao hatukupata muda wa kuulizana afya."

Bi Simba, aliyekuwa akimbebea mumewe maji tangu kidole kivimbe, akakata shauri. "Atakula. Nimechoka kuuguza kidole kimoja kama ukoo mzima."

Simba akala majani, huku akifumba macho ili asijione. Na kweli, kidole kikaanza kunywea. Bonde zima likastaajabu. Fisi, ambaye maisha yake yote salamu aliyoizoea ilikuwa jiwe, sasa alipita katikati ya watu wakimwinamia.

"Shikamoo, Tabibu!"

"Marahaba, wajukuu zangu, marahaba."

Laiti angeishia hapo, angezikwa kwa heshima. Lakini heshima hailiwi. Jioni moja Tumbili alipita mbele yake na sega la asali, nayo asali inamdondoka hadi kiwikoni, na Fisi akajiwa na wazo. Halikutoka kichwani. Lilipanda kutoka tumboni.

Kesho yake akawakusanya wote chemchemini.

"Ndugu zangu, nimeutafiti ugonjwa wa mfalme mpaka kwenye shina lake. Shina ni utamu! Ulimi ni adui wa tumbo. Kinachokupendeza kinakuua, kinachokuchukiza kinakujenga. Kuanzia leo asali, karanga, uboho, nyama nono na matunda mabivu yote ni sumu. Mniletee mimi nikavizike katika Shimo la Sumu, huko nyuma ya pango langu."

"Na mboga tuzipikeje, Tabibu?" akauliza Nyati.

"Zichemsheni mpaka zisahau zilikuwa kijani. Bila chumvi, bila kitunguu, na msiongee mnapokula. Mazungumzo nayo yana utamu wake."

Kwa yeyote atakayeteleza akaonja kitamu, Fisi aliandaa mtungi wa dawa: mwarobaini na shubiri vilivyochemshwa pamoja. Tone lake moja lilitosha kumfanya mtu atapike hata alichokula utotoni.

Watu walitii, maana kidole cha mfalme kilikuwa ushahidi. Basi kila siku milundo ya asali na karanga ikapelekwa pangoni. Shimo la Sumu lilikuwapo kweli, nalo lilianzia mdomoni mwa Fisi. Adhuhuri watu walipojilaza vivulini, yeye alijifungia ndani akizika na kuzika, mpaka jasho likamtoka. Mara nyingine alihisi kitu kinamchoma kifuani, akadhani ni dhamiri, akashtuka. Akicheua kidogo, anakuta ni gesi, anaendelea.

Nje mambo yalikuwa mabaya. Vyungu vilitoa uji wa rangi ya maji ya tope, na ilimbidi Fisi apite nyumba kwa nyumba akipiga kelele, "Afya! Afya! Kuleni afya!" Walikula kwa kununa. Ndoa zilitetereka. Nyati alianza kumtazama mkewe kama ndiye aliyebuni mchicha. Simba naye, kidole kikiwa karibu kupona, alikuwa anakwisha mwili mzima. Anachovya midomo chunguni, anasema, "Nimeshiba, nashukuru," kisha analala mchana kutwa akiota nyama. Ngurumo yake ikawa kama mlango unaohitaji mafuta.

Mbwa mwitu wakasikia. Wakatuma salamu kupitia Kunguru: "Huyo mfalme wenu ananguruma au anapiga miayo? Kesho kutwa tunakuja kuchota maji. Hodi hatutapiga."

Usiku huo bonde halikulala. Asubuhi Sungura akaenda pangoni kwa Fisi. Sungura ni mdogo, lakini macho yake hayana usingizi hata akilala.

"Shikamoo, Tabibu. Naona umenawiri."

"Marahaba. Ni mchicha, mjukuu wangu."

"Mchicha wako unanukia asali."

"Ni... maua yake," akasema Fisi, akajifuta mdomo.

Sungura akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. "Nilikuwa nawaza, Tabibu. Mbwa mwitu wanakuja, na mfalme hali chochote. Niruhusu nipike mbele yake leo, mboga zako zilezile. Wewe usimame pale, watu wakuone, wapate moyo."

Fisi alipenda sana sehemu ile ya kuonekana. "Sawa. Ila usitie mafuta."

"Hata tone."

"Wala asali, wala karanga."

"Nitazitoa wapi? Si vyote viko shimoni kwako?"

"Viko," akasema Fisi, akaziba mdomo haraka, kwa sababu moja ya karanga ilitaka kurudi kujionyesha.

Sungura alipoondoka, akaja Bi Simba na furushi la majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na nundu ya pofu, yule swala mkubwa, iliyokaushwa kwa moshi, nono, inang'aa. "Niliiweka kwa siku ya shida," akasema kwa uchungu. "Lakini kama ni sumu, ichukue. Mume wangu asije akaiona."

"Umefanya vyema, Bibi. Nakwenda kuizika sasa hivi."

Bi Simba hakuwa ameifikia kona, nundu ikawa imekwisha kuzikwa.

Adhuhuri watu wakakusanyika chemchemini. Sungura akabandika chungu. Akatia majani ya kunde, mchicha na maboga yaliyokatwakatwa, na wote wakaona kwamba ni mboga za Tabibu. Kisha akaanza kutoa vitu ambavyo Fisi hakuwahi kuvikusanya, kwa sababu kwa Fisi chakula kisicho na mafuta au asali hakikuhesabiwa kuwa chakula. Akatia kitunguu. Akaponda tangawizi. Akapasua pilipili mbichi, akakamua ukwaju ulioanguka wenyewe kutoka mitini, akanyunyiza chumvi ya mwambani. Hakuziacha mboga zikaiva mpaka zikafa. Aliziepua zikiwa bado zinakumbuka shamba.

Harufu ikapanda. Tumbili akashuka mtini bila kujijua. Simba akainua kichwa, pua zikacheza, mate yakamtoka, akasingizia ni jasho. Na pua ya Fisi ilifika chunguni kabla ya Fisi mwenyewe.

Fisi akaanza kupiga hesabu. Ikiwa mboga zinaweza kunukia hivi, nani ataleta asali tena?

"Simameni!" akabweka. "Kitu kinachonukia hivi hakiwezi kuwa afya. Kuna mafuta yamefichwa humu. Hii ni sumu!"

Simba, aliyekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha polepole. Ilikuwa kama kumtazama mtu akirudisha posa.

"Huenda nimekosea," akasema Sungura kwa unyenyekevu. "Basi onja, Tabibu. Wewe ndiye mjuzi wa sumu."

Fisi akachota kijiko. Pilipili ikamkuna ulimi, ukwaju ukamfinya mashavu, na chini yake likaja boga, laini, lenye utamu wake wa asili usioibwa kwa mtu. Akakilamba kijiko pande zote mbili.

"Vipi?" wakauliza.

"Sumu. Lakini ngoja nihakikishe." Akachota tena. "Naam, sumu." Akaacha kijiko, akashika bakuli. "Sumu kali! Tena hii ya chini ndiyo mbaya zaidi, msiisogelee!" Bakuli likawa dogo, akaingiza kichwa chunguni, na sauti yake ikawa inatokea humo ndani kama ya mtu aliyetumbukia kisimani: "Sumu... mh... sumu, jamani... sumu, Mungu wangu..."

Alipotoa kichwa, chungu kilikuwa kikavu na masikio yake yana mchicha.

Watu walimkodolea macho. Sungura akawa wa kwanza kupiga yowe.

"Jamani! Tabibu wetu amejitoa mhanga! Ameimaliza sumu yote peke yake ili sisi tupone! Atakufa! Mleteeni dawa!"

Vikazuka vilio. Bi Simba akajishika kichwa. Nyati akakimbia akaleta mtungi wa mwarobaini na shubiri.

Fisi akautazama mtungi ule, akarudi nyuma hatua moja. Akisema si sumu, ameumbuka. Akisema ni sumu, atakunywa. Akajaribu njia ya tatu. "Mimi mwili wangu umezoea sumu, wajukuu zangu. Msihangaike."

"Tabibu asife!" akaamuru Simba, machozi yakimlenga. "Mnywesheni yote!"

Nyati akamshika shingo kwa mapenzi makubwa, Tumbili akampanua taya, na dawa ikamiminwa mpaka tone la mwisho.

Tumbo la Fisi likanguruma kuliko Simba alivyonguruma wiki zile zote. Kisha vikaanza kutoka. Zilitoka mboga, hizo zilijulikana. Zikafuata karanga, watu wakatazamana. Likatoka sega la asali na nyuki ndani, Tumbili akasema, "He! Hilo si langu?" Na mwishoni kabisa, kwa kishindo, likatoka pande la nundu lenye harufu ya moshi.

Bi Simba akainama, akalitazama, akainuka taratibu.

"Hiyo," akasema, "ni nundu yangu ya asubuhi."

Hakukuwa na haja ya baraza. Simba aliruka kutoka jiweni, akamlaza Fisi chali, akafunua meno. Fisi akafumba macho na kujuta, si kwa aliyoyafanya, bali kwa karanga alizobakiza pangoni.

"Mwache!" akapaza sauti Bi Simba. "Huyo ni mafuta matupu. Ukimla, kidole kitavimba tena, na safari hii sikuuguzi."

Simba akamtazama Fisi, akamtazama mkewe, akakitazama kidole chake. Akamwachia, ila kwa teke lililomvusha kichaka. Kiwiliwili kilitua kwanza, heshima haijapatikana hadi leo.

"Na sisi tutakula nini?" akauliza Nyati kwa huzuni. "Chungu kimelambwa."

Sungura akasogeza matawi makavu, na nyuma yake kulikuwa na chungu cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, kikitoa moshi. "Nani," akasema, "hupika chungu kimoja mbele ya fisi?"

Simba alikula akaomba tena, akaomba tena, akisisitiza kwamba anawaonjea wengine. Alfajiri ya siku iliyofuata alisimama juu ya jiwe kwa miguu yake yote, akanguruma mpaka kokoto zikateremka kilimani. Mbwa mwitu, waliokuwa wamekwisha kufika nusu ya njia, wote kwa pamoja wakakumbuka kwamba wana shughuli kwao.

Fisi akahamia kwenye mlima wa mawe, na kwa bahati mbaya ndiko upepo wa bonde huelekea. Kila adhuhuri aliona moshi ukipanda na harufu ikamfikia: leo ukwaju, kesho tangawizi, kesho kutwa kitu ambacho hakukijua jina na kilichomliza. Pale chini hakuna aliyemwita mwenzake aje kula. Hata hivyo Ngiri alikuja mbio na mkia juu, Tumbili akaja akiruka, Nyati na mkewe wakaja wamekumbatiana, na mbele yao wote akatembea Simba, akiwaambia watu kwamba anapita tu kukagua.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.