Ukuta wa Mshazari wa Bi Chausiku

Hadithi ninayo, na haina huruma. Mwenye moyo mwepesi akae karibu na mlango, ili akitaka kutoka asitukanyage.

Huko Muheza barabara ilipanuliwa, ikameza nyumba ya Bi Chausiku na kumwachia kipande cha kiwanja chenye pembe tatu kama sambusa. Yeye na wanawe watatu wakahamia barazani kwa ndugu yake, ambaye kila asubuhi aliwauliza wanaondoka lini. Shekue, mkubwa, alijua kupima. Sikudhani, wa katikati, alijua kuchora nyumba kwenye kompyuta. Mbaruku, kitinda mimba, alikuwa fundi mwashi.

"Nijengeeni," mama akawaambia.

Jirani, Mzee Semboja, akasikia, akaapa kwamba ukuta ukivuka mpaka hata kwa upana wa kidole, ataibomoa nyumba nzima siku hiyo hiyo.

Shekue akaenda kupima. Kona ya mwisho ilikuwa kwenye michongoma ya Semboja, na humo mlikuwa na mbwa. Mbwa akamng'ata shavu la mguu. Shekue hakuiachia futi mpaka aliposoma namba na kuiandika. Kidonda kikaoza, na leo anatembea kwa mkongojo.

Sikudhani akachora, kwa siri, kwenye kompyuta ya ofisi alikoajiriwa. Ukuta wa upande wa Semboja ulikaa mshazari, lakini programu ikamwandikia mita nne na sentimita ishirini. Alikuwa karibu kuchapa. Kisha akashtuka: ilikuwa imepima moja kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia, kana kwamba ukuta haukuinama. Kwa kipimo hicho ukuta usingefika kona. Akafuta, akabofya kona hadi kona, akaulaza mstari wa kipimo sambamba na ukuta wenyewe. Nne na themanini na tano! Akaandika na pembe yake. Bosi akamkuta hapo hapo.

"Kazi yako imehamia kwa mama yako," bosi akamwambia. "Mfuate."

Mbaruku akajenga. Fundi mwingine angepiga kona ya mraba kwa mazoea. Yeye aliipima ile pembe kila alipopanga mstari wa matofali. Siku moja akaona ukuta unavutika kwa Semboja, akaibomoa kazi yake ya siku tatu, akaanza upya. Mkewe alikuwa kwao, akingoja mume apate pa kumweka. "Kila siku ukuta wa mama yako," akamwambia. Akadai talaka, akapewa.

Nyumba ikaisha. Semboja akaja na futi yake, akapima mara tatu, akatema mate chini, akaondoka.

Bi Chausiku akaingia ndani. Palikuwa na chumba chake, na kingine kimoja chembamba nyuma ya ule ukuta, cha kitanda kimoja. Akatoka na ufunguo.

"Ataingia mmoja," akasema. "Wawili watafute pa kwenda."

"Mama, si ulisema tunajenga kwetu?" Sikudhani akauliza.

"Nilisema mnijengee. Nani kasema mtakaa?" Akauweka ufunguo mkekani. "Chagueni. Adhana ya magharibi ikiwakuta mnabishana, naweka mpangaji."

Sikudhani alimchukia mama yake siku hiyo, akamchukia kwa moyo wote. Lakini lililomuumiza zaidi ni jingine. Aliutazama mguu wa kaka yake, akajikuta anatamani kidonda kingekuwa kidogo, ili dai la kaka lipungue uzito. Akamtazama mdogo wake, akawaza kwamba mke huyo angeondoka tu. Alipoinua macho akaona na wao wanamtazama yeye vivyo hivyo, wanaipima kazi aliyoipoteza.

Shekue akakunja suruali, akaonyesha kovu. Mbaruku akaanza kusema habari za mkewe. Sikudhani naye akafungua mdomo.

Mimi nanyamazia hapo. Ufunguo uko mkekani, mwadhini anapanda ngazi. Je, wewe ungempa nani? Na hao wawili, ungewaambia nini usoni?