Kitambi cha Kiboko na Karamu ya Sisimizi

— Masikio yapo?
— Yapo!
— Na matumbo?
— Yamejaa!
— Basi yaacheni yapumzike, mnisikilize.

Kiboko aliwapora wanyama shamba la miwa, akalala mlangoni. Aliyekaribia alikanyagwa. Sisimizi, mama wa watoto mia tatu wenye njaa, akamwendea.

"Shikamoo, mkubwa. Mbona kitambi kidogo hivyo?"

"Kidogo?"

"Mwenye shamba zima ana tumbo la tarishi! Watakudharau. Kula, mkubwa. Na usitembee, hiyo kazi ya wasio na cheo. Sisi utuachie utakachokitoa tu."

Kiboko akacheka. "Mimi sitoi hata ganda la muwa. Nikitoa, chukueni, vidudu nyie!"

Akala. Kacha! Kacha! Akalala. Koroo! Akala. Kacha! Kacha! Akalala. Koroo! Kitambi kikagusa ardhi. Akakipapasa, akaridhika.

Kiu ikaanza. Akanywa. Gudu! Gudu! Akakojoa. Shwaa! Akanywa tena, akakojoa tena. Kila alipokojoa, sisimizi walifika, wakalamba.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunachukua ulichotoa, mkubwa. Kitamu!"

Kiboko akamwita Korongo, tabibu wa mto. Korongo akawatazama sisimizi, akajua.

"Una kisukari. Ndani yako kuna tarishi anayeitwa insulini. Hupita kila nyumba ya mwili, hodi, hodi, ili sukari ipokelewe. Mafuta yamezidi, nyumba hazisikii hodi. Kongosho likaongeza matarishi, sasa limechoka. Sukari imebaki njiani, kwenye damu, na nyingine unaikojoa."

"Dawa yake?"

"Nitakupa. Lakini punguza miwa, utembee."

"Nitembee? Kitambi kikiisha nitaitwa nani?"

Akamfukuza. Akala. Kacha! Kacha!

Asubuhi moja wanyama wote wakaingia shambani. Kiboko akafumbua macho, akaona ukungu. Akataka kusimama, miguu ina ganzi. Akainuka kidogo, akaanguka. Ndi! Wakavuna mbele yake, bila haraka. Wengine walimwamkia.

Sisimizi akampita, kabeba kipande cha muwa.

"Sasa ndicho kitambi, mkubwa. Hata wewe mwenyewe hukiwezi."

Ngano yangu imelala hapo. Anayeweza kuinuka, na ainuke.

Funzo? Kitambi ni heshima. Wenye navyo msijinyime, wala msitembee. Sisimizi bado wana watoto wa kulisha.