Mama wa Kibuyu

Hapo zamani, tena si zamani sana, ndani ya kibuyu cha maziwa waliishi bakteria, hao wadogo wasioonekana kwa macho, wanaogandisha maziwa. Huzaa kwa kujigawa, ndiyo maana wote ni damu moja.

Mmoja wao aliwahi kuonja joto la kijinga cha moto, kile kinachosuguliwa ndani ya kibuyu kukisafisha. Tangu hapo akajiwekea tumboni protini za kukinga joto. Alipojigawa, na wanawe wakajigawa, mgawo haukuwa sawa. Miongoni mwa wajukuu, Sein alipata protini nyingi. Tipape alipata chache, akalala fofofo, wala hakuna ajuaye kwa nini. Resiato hakupata kitu. Huyo alikula, akazaa, watoto wake wakatanda ukutani tabaka juu ya tabaka, Sein na Tipape wakawa chini yao.

Siku moja Nolari, bibi harusi mgeni, alikabidhiwa kibuyu hicho na mama mkwe wake. Pale kwa mama mkwe kibuyu husafishwa kwa kijinga tu. Yeye, kwa nia njema, akamimina maji yanayochemka. Maskini, hakujua. Maziwa yangekataa kuganda, kibuyu kingetupwa na ukoo wote ungekwisha.

Watoto wa Resiato wakafa wote. Akabaki mama yao aliyefunikwa nao, yu hoi. Kibuyu kikiwa bado cha moto, Nolari akamwaga maji, akatia maziwa. Sein akaanza kazi peke yake, akayachachusha, bakteria wanaoozesha maziwa wakakosa nafasi. Lakini kila alipojigawa protini zilipungua nusu kwa nusu, na joto likaunguza karibu watoto wake wote. Kibuyu kilipopoa, Tipape akaamka, akazaa mpaka kikajaa.

Mama mkwe akaonja, akasema maziwa ni yale yale ya nyumba yake. Nolari akashusha pumzi.

Humo ndani ikazuka kesi: ukoo uitwe kwa jina la nani?

"Bila mimi maziwa yangeoza wewe ukikoroma," Sein akamwambia Tipape.

"Waliojaa humu ni wanangu," Tipape akajibu. "Wako wako wapi?"

Resiato akasema polepole, "Wangu wako ukutani. Maji yaliwapata wao kwanza, nyinyi mkapona."

Sein hakuchagua kurithi. Tipape hakuchagua kulala. Resiato hakuchagua kukosa. Mimi namwonea Resiato uchungu, lakini uchungu wangu si hukumu. Je, nyinyi mnaosikiliza, ukoo huo mngeuita kwa jina la nani?