Zao la Nyanya Mbele ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kivunde, alikuwapo Sultani Badawi, mtu mwema ila mpenda mashindano kupita kiasi. Hata kuku wawili wakitaga, alitaka kujua nani katangulia. Siku moja wakafika barazani wajumbe wawili kutoka Ulaya, Mreno na Mholanzi, kila mmoja akiitaka bustani ya kisimani apande nyanya za kwao.

"Kwetu, shamba lililotoa kikapu kimoja sasa latoa vitatu," akasema Mreno. "Tumezidi mara tatu!"

"Kwetu, lililotoa kumi sasa latoa ishirini," akajibu Mholanzi. "Sisi tumeongeza vikapu kumi, ninyi viwili tu. Hata haya huoni?"

Basi wakabishana tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kichwa cha Sultani kikazunguka. Shekuwe, maskini asiye na hata kiatu lakini mwenye ulimi, alikuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko.

"Unacheka?" akafoka Sultani. "Basi wewe ndiwe mpimaji. Nakupa siku tatu. Karani, andika: yeyote ambaye zao la nyanya yake limekua kuliko la wenziwe, bustani ya kisimani ni yake. Tia muhuri!"

Kicheko kikamkauka Shekuwe, kwa kuwa bustani ile aliilima bibi kizee Mwanaheri, mama wa mama yake, na ukoo mzima ulikula humo. Akarudi nyumbani roho mkononi. Ulaya hakujua hata iko upande gani, atahesabuje vikapu vya huko? Alipofika uani akaita kwa huzuni, "Nyanya!" Mara akajipiga paji la uso, akaanza kucheka upya.

Siku ya tatu akaingia barazani, akainama. "Ewe Sultani, nimekuja kupima. Bwana Mreno, nyanya yako alizaa wangapi?"

Mreno akababaika. "Nyanya yangu? Mama wa mama yangu? Alizaa watatu."

"Na yako, Bwana Mholanzi?"

"Wawili. Lakini haya yahusu nini?"

"Sasa na lije zao la nyanya yangu," akasema Shekuwe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwanaheri na bakora yake, na nyuma yake watoto kumi na mmoja, wajukuu sitini, na vitukuu wasiohesabika, mmoja akivuta ndevu za waziri, mwingine akila halua ya Sultani.

"Alianza peke yake, bwana wangu," akasema Shekuwe, "na hawa ni wale waliowahi kuamka."

"Mimi nilisema nyanya za kuliwa!" akanguruma Sultani.

Karani akaamriwa asome. Akasoma mara mbili, akageuza karatasi akatazama na nyuma. Zao lilikuwamo, nyanya ilikuwamo, muhuri ulikuwamo. Habari za kuliwa hazikuwamo.

Mholanzi hakukubali. Akamnyooshea Shekuwe kidole. "Na huyu mvivu, naye ni zao?"

Mwanaheri akamtazama mjukuu wake juu hadi chini. "Hilo ndilo lililooza," akasema, "lakini kikapuni limo."

Ikawa Sultani anacheka hata kilemba kikamdondoka, kitukuu mmoja akakivaa na kutoka nacho mbio. Na bustani ikabaki kwa Mwanaheri, kwa muhuri wa Sultani mwenyewe.