Saa Thelathini na Saba za Kigoda

Ngo!

Hapo zamani, usiku mmoja katika mji wa Shangamo, ulisikika mlio huo mmoja tu, kisha kimya.

Ulitoka katika chumba kidogo nyuma ya kiwanja cha Sultani, alimokaa binti fukara aliyekuwa akijifunza urubani. Kwani Sultani wa mji huo alikuwa na ndege ya mbao yenye mbawa za turubai, na sheria yake ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuilipa: kila saa ya angani dinari kumi, na mwenye kutimiza saa arobaini hupewa hati ya urubani. Mama yake binti, muuza vitumbua, alikuwa ameuza kitanda, akauza na mlango wa uani; zikapatikana saa tatu. Baada ya hapo ikawa mchana binti huosha mbawa za ndege apate chakula, na usiku huketi juu ya kigoda akafumba macho, mchi katikati ya magoti ukiwa ndio usukani, vifuu viwili chini ya nyayo, akarudia yote aliyofundishwa asije akayasahau. Watu wa kiwanjani wakamwita Wa Kigoda, na jina lake likakosa mtumiaji.

Basi usiku ule Waziri wa hazina, ambaye ukuta wake uligusana na wa binti, akaja na taa, akamkuta sakafuni.

"Umeumia?"

"Hapana, bwana Waziri. Nimetua vibaya."

"Na kila usiku wafanya hivi?"

"Ila usiku wa kuamkia Ijumaa. Usiku huo nafua nguo yangu, sina ya pili."

Waziri hakucheka, maana hakuwa na desturi hiyo. Kumbe siku zote alikuwa akisikiliza ukutani na kupima muda kwa chupa ya mchanga. Kulipokucha alikuwa mbele ya Sultani, akasema, "Bwana wangu, yule binti ameruka saa thelathini na saba kwa elimu yako, wala hakulipa hata robo."

Sultani akaagiza aletwe.

"Ewe wa kigoda, leta dinari mia tatu na sabini kabla ya adhuhuri. Ukishindwa, saa zako tatu zimefutwa, nawe hutaigusa ndege yangu tena, hata kuiosha."

Binti akakiona moyoni kitanda cha mama yake kikiuzwa mara ya pili. Hata hivyo akainama, akasema, "Bwana wangu, deni ni deni. Ila nauliza: katika mji huu, mtu akidai malipo ya kitu ambacho hakikuwapo, hukumu yake ni nini?"

"Humlipa yule aliyemdai kiasi kile kile alichodai. Ndiyo sheria ya babu yangu, nawe usinicheleweshe."

"Nimesikia. Bwana Waziri, niliruka kweli?"

"Uliruka! Ulipaa, ukageuka kushoto, ukageuka kulia, ukatua."

"Nilianguka."

"Huko nako ni kutua. Mwenyewe ulisema."

"Basi yaandikwe daftarini, na muhuri upigwe."

Waziri akaandika kwa furaha, muhuri ukapigwa. Binti akangoja wino ukauke, kisha akasema, "Thelathini na saba, na tatu nilizolipia, ni arobaini. Basi mimi ni rubani tangu jana usiku, na deni litakatwa katika mshahara wangu. Nasikia leo kodi inakusanywa ng'ambo ya mlima. Ndege nimeshaiosha. Bwana Waziri, tafadhali panda."

Waziri akaitazama ndege dirishani, akamtazama binti, akautazama mlima.

"Mimi?"

"Wewe ndiye shahidi wangu. Hapana mwingine ajuaye ninavyoruka."

"Panda, Waziri," akasema Sultani. "Kodi yangu yangoja."

"Bwana wangu, nina mke!"

"Unao watatu. Panda."

Waziri akafika kwenye ngazi ya ndege, akaweka mguu mmoja, akautoa.

"Hakuruka!" akalia. "Aliketi juu ya kigoda! Hakuinuka hata unene wa ukucha!"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni. Kisha akakumbuka ni nani aliyetoa amri ile asubuhi, akaacha kucheka.

"Nami niliamini," akasema taratibu. "Haya, zifutwe saa hizo, maana hazikuwapo. Nawe Waziri umlipe binti huyu dinari mia tatu na sabini, aziruke kweli, moja baada ya moja, katika ndege yenye mbawa."

"Na mimi nitapata nini, bwana wangu?"

"Usingizi."

Ikawa hivyo. Masika ikaja, ikapita. Siku ya saa ya arobaini ndege ilishuka majanini kwa upole, hata mbuzi waliokuwa wakila kando hawakuinua vichwa. Sultani alikuwa akingoja, amevaa kanzu ya safari. Akapanda mwenyewe, akaketi nyuma, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Binti akageuka kungoja amri, akijua ataitwa vile alivyozoea kuitwa.

Sultani akakohoa.

"Haya," akasema, "twende, Rubani Mwanamize."