Pimbi Aliyemwamkia Nyati Uwanjani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile nyati walipokuwa wakilala kwenye vitanda vya kamba na pimbi wakisonga ugali kwenye majiko yao, palikuwa na kisima kimoja tu kati ya vijiji viwili, Mwambani na Bondeni. Kisima kimoja, na kiangazi kirefu. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye karanga, wagawie wenzako au zitie mfukoni, maana unanitafunia sikioni.

Sasa, nani achote kwanza asubuhi, maji yakiwa bado safi? Kupigana walikwisha kupigana, wakachoka. Basi wakapatana: kila mwaka mvua zikikatika, watacheza mchezo wa papai. Watakaoshinda watachota kwanza kiangazi chote. Watakaoshindwa watachota matope.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mpira ulisukwa kwa katani, umechongoka huku na huku kama papai. Mchezaji mmoja, aliyeitwa Mrushaji, alisimama na mpira nyuma ya wenzake. Kazi yake ilikuwa kumtupia mwenzake anayekimbia mbele, naye audake na kuvuka mstari wa majivu. Na kazi ya wapinzani? Kumfikia Mrushaji kabla hajarusha, wamlaze chini. Puu! Ndiyo kazi yao, na waliipenda kweli kweli.

Mrushaji wa Mwambani alikuwa Nyani. Lakini juma lile lile la mchezo, Nyani alipanda mti kuwaonyesha wasichana jinsi anavyoning'inia kwa mkono mmoja. Mkono huohuo ndio uliovunjika. Msicheke, aliumia.

Kocha Korongo akabaki ameshika kichwa. "Nitampata wapi Mrushaji mimi?"

"Nipe mimi, kocha."

Korongo akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuna mtu.

"Huku chini!"

Alikuwa Shomari, mtoto wa Bi Siwatu. Pimbi, na pimbi mnamjua: mwili wote mzima unaenea kwenye kapu la sokoni na nafasi ya mchicha inabaki. Korongo akamsimamisha kando ya mguu wake.

"Hunifikii gotini, mwanangu."

"Goti lako liko mbali na ardhi, kocha."

Korongo akacheka, akamwonyesha tunda la mbungo lililokuwa linaning'inia mbali ng'ambo ya mto mkavu. Shomari akaokota kijiwe. Fyuu... tap! Tunda likaanguka. La pili, tap! La tatu, tap! Korongo akaacha kucheka.

Jioni ile Korongo akabisha hodi kwa Bi Siwatu. Na hapa, wanangu, lazima niwaambie habari za huyu mama, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Mumewe alikuwa anaota jua juu ya jiwe asubuhi moja, tai akapita, na jiwe likabaki tupu. Tangu siku hiyo kila kivuli kilipopita angani Bi Siwatu aliwahesabu watoto wake, ingawa wa kuhesabu alikuwa mmoja tu.

"Mkono anao," Korongo akamwambia. "Jicho analo. Mwili ndio hana. Mchezo mmoja ataumudu, ila sijui kama atadumu."

"Adumu?" Bi Siwatu akaweka mwiko chini. "Kocha, mimi sitaki mwanangu adumu uwanjani. Nataka adumu duniani."

"Lakini mama," Shomari akasema, "tusipopata Mrushaji tutakunywa matope hadi vuli."

"Tutayachuja."

"Na watoto wa Bi Ngiri wanaoharisha?"

Bi Siwatu akaokota mwiko wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Bi Ngiri naye alikuwa mzazi. Hakusema ndiyo. Alimpakulia tu Shomari ugali zaidi ya siku zote, na mtoto akajua kwamba ameruhusiwa.

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Bi Siwatu akatandika mkeka wake ukingoni, na jirani yake akawa Bibi Nyati wa Bondeni, mkongwe kabisa, anayenusa ugoro na kupiga chafya, chwii! Mwanawe, Mzee Nyati, ndiye aliyekuwa tegemeo la Bondeni. Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa ghala. Akaja mpaka pale mkekani.

"Mama Shomari, hujambo?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, nakuomba, mchukue mwanao mwende nyumbani. Sina ubaya naye. Lakini mimi nikishaanza kukimbia, kusimama siwezi."

Bi Siwatu akamtazama. Hakuona dharau usoni mwake, akaona huruma, na huruma ndiyo iliyomtia hofu zaidi.

Kila upande ulipewa mitupo minne. Bondeni wakatangulia, wakavuka majivu mara moja. Kwa hiyo Mwambani walitakiwa wavuke mara mbili. Hondohondo, ambaye ndiye mwamuzi, akapuliza domo lake: puuuup!

Mtupo wa kwanza. Shomari akaudaka mpira. Mbele yake walisimama Pofu na Ngiri, wenzake, migongo kama ukuta. Shomari akaruka ili aone juu ya migongo yao. Hakuona. Akaruka tena. Hakuona. Akaruka mara ya tatu, na alipotua, Mzee Nyati alikuwa keshafika.

Puu! Vumbi likatanda. Shomari akabingirika, bingiri bingiri bingiri, mpaka kwenye miguu ya mama yake.

Bi Siwatu akapiga magoti, akamgusa kichwa, mbavu, miguu yote minne. Pua ilikuwa inatoka damu kidogo. Akamfuta kwa pindo la kanga yake.

"Twende nyumbani."

"Mama, mara moja tu zaidi."

"Ukiangushwa tena nakubeba mgongoni kama kichanga, mbele ya watu wote hawa. Umesikia?" Na mama akiogopa, wanangu, mnajua hugombeza lolote linalomjia. "Na isitoshe, asubuhi umempita Mzee Nyati hukumwamkia! Hukuinamisha kichwa, hukusema lolote! Ndivyo nilivyokufundisha mimi? Mzee yule ana wajukuu wakubwa kuliko wewe!"

Shomari akaacha kulamba pua. Akamtazama mama yake, macho yakang'aa.

"Kweli, mama. Nimekosa. Ngoja nikamwamkie."

"Sasa hivi?"

Lakini keshaondoka.

Mtupo wa pili. Puuuup! Mzee Nyati akawapangua Pofu na Ngiri, huyoo, ardhi inalia gudu gudu gudu. Shomari akasimama palepale, mpira kwapani, akapaza sauti:

"Shikamoo, babu!"

Mzee Nyati akafunga breki mpaka kwato zikachimba mifereji. Angefanyaje? Ameamkiwa na mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Na bibi aliyebaki nyumbani, hajambo?"

"Hajambo, magoti tu yanamsumbua."

"Pole yake. Na shamba?"

"Ah, shamba! Mwaka huu mtama umeingiwa na ndege, mimi nikawaambia vijana, nikawaambia..."

Fyuuu! Mpira ukapita juu ya kichwa chake. Kule mbele Swala, mkimbiaji wa Mwambani, akaudaka, akavuka majivu, hop! Mwambani wakapiga vigelegele. Mzee Nyati alikuwa bado anasimulia habari za ndege.

"Mwamuzi!" Kiboko wa Bondeni akafoka. "Mwamuzi, yule anasalimia!"

"Ulitaka atukane?" Hondohondo akamjibu. "Endeleeni na mchezo."

Ukingoni Bi Siwatu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Hakujua acheke au aone haya.

Bondeni wakajikusanya. "Safari hii usiitikie," Kiboko akamwambia Mzee Nyati. "Kaa kimya, kimbia tu."

Mtupo wa tatu. Gudu gudu gudu!

"Shikamoo, babu!"

Kimya. Mzee Nyati akauma meno, akakaza mwendo.

"Babu, shikamoo!"

Ndipo sauti kali ikapasua uwanja kutoka mkekani. "Weee! Wewe mtoto wangu!" Alikuwa Bibi Nyati, amesimama kwa mkongojo, ugoro umemwagika. "Unaamkiwa unanyamaza? Nani kakulea? Ni mimi niliyekulea hivyo?"

Mzee mzima, ndevu nyeupe, akageuka kama mtoto wa chekechea. "Hapana, mama... nilikuwa... marahaba, mjukuu, marahaba!"

Fyuuu! Mpira ukaruka vizuri, ukamfikia Swala vizuri. Lakini Swala alikuwa anacheka mno. Mpira ukampiga kifuani ukaanguka chini. Lo! Furaha ya mapema hiyo, wanangu.

Ukabaki mtupo mmoja tu. Na safari hii Kiboko hakusema neno. Akachuma sufi kwenye msufi ulio kando ya uwanja, akaifinyanga madonge mawili makubwa, akamzibia Mzee Nyati masikio yote mawili. Akamsukuma mbele.

Shomari hakuona, alikuwa anamfariji Swala. Aliyeona ni Bi Siwatu.

"Shomari! Hasikii! Wamemziba masikio, rudi!"

Shomari akageuka, akamwona mama yake amesimama, kanga imemdondoka mabegani. Akamwona na Mzee Nyati mwenye madonge meupe masikioni. Akaelewa. Angeweza kutoka uwanjani, na mimi nawaambieni, hakuna ambaye angemlaumu. Mama yake alikuwa keshanyoosha mikono kumpokea.

Puuuup! Hondohondo akapuliza.

Swala akatimka. Majivu yalikuwa mbali, alihitaji muda. Pofu akarushwa kando. Ngiri akarushwa kando. Gudu gudu gudu gudu! Bi Siwatu alitaka kufumba macho akashindwa. Mwanangu, akasema moyoni, mwanangu, mwanangu. Hakuwa na neno lingine.

Na Shomari hakukimbia, wala hakupiga kelele. Aliuweka mpira tumboni, akapiga hatua moja mbele, akainamisha kichwa. Hivi. Kama mnavyofanya ninyi mzee akiingia nyumbani, mkiinama awaguse utosi.

Masikio ya Mzee Nyati yalizibwa, ni kweli. Lakini ule ukwato wake ulikuwa umegusa vichwa vya wanawe, na vya wana wa wanawe, na vya kila mtoto wa Bondeni, miaka na miaka. Haukuhitaji kusikia. Kwato tatu zikachimba ardhi, krrrrr! Wa nne ukainuka wenyewe, ukashuka polepole, polepole, ukatua juu ya kile kichwa kidogo. Ukwato uleule uliomlaza mtupo wa kwanza. Haukumvunja hata unywele mmoja.

Shomari, kichwa chini ya ukwato, akatazama mbele. Juu hakuwahi kuona kitu siku nzima, alikuwa mfupi, akirusha kwa kukisia. Lakini chini, kati ya miguu ya Mzee Nyati, uwanja ulikuwa wazi wote mpaka kwenye majivu, na Swala yuleee, hana mtu.

Fyuuu! Mpira ukapita chini ya tumbo la nyati. Swala hakucheka. Akaudaka kwa miguu miwili, akavuka. Hop!

Mwambani ikalipuka! Bi Ngiri analia, Pofu anacheza, Kocha Korongo kasimama kwa mguu mmoja kasahau wa pili. Mzee Nyati bado kasimama palepale, ukwato juu ya utosi wa mtoto. Akachomoa sufi sikio moja.

"Umesema nini, mjukuu? Sikukusikia."

"Nimesema shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema Mzee Nyati. "Marahaba sana. Nilimwambia mama yako kwamba siwezi kusimama. Kumbe naweza."

Bi Siwatu akafika mbio, akampokonya mtoto, akamkumbatia mpaka akakosa pumzi. Akamgusa tena mbavu zote. Kisha akamsogeza mbali kidogo amtazame usoni.

"Niambie kweli. Ulikuwa unamwamkia, au ulikuwa unamdanganya?"

Shomari akafikiri. "Mtupo wa pili nilikuwa namdanganya, mama. Huu wa mwisho nilikuwa naogopa. Nilimwamkia kweli."

Basi Bi Siwatu akalia, na hakuficha. Kisha akambeba mgongoni kama kichanga, mbele ya watu wote wale, ingawa safari hii hakuangushwa. Shomari aliona haya sana, lakini hakuomba kushushwa.

Bondeni nao wakaitisha kikao siku ileile, Kiboko akiwa mwenyekiti, wakapitisha sheria mpya: wachezaji wote waamkiane kwanza, wajuliane hali mpaka habari za mashamba ziishe, ndipo filimbi ipulizwe. Ndiyo maana hadi leo, wachezaji wakiingia uwanjani hupeana mikono kabla ya mchezo. Wanamwogopa Shomari.

Mwenye nguvu huvunja mlango, wanangu. Mwenye adabu hufunguliwa.